Anasema hajawahi kunioa, na cheti cha Bomani ninacho

Anti, shikamoo.

Saa kumi hii ya usiku sijafumba jicho. Nimekaa jikoni nisiwaamshe watoto. Nikiandika ovyo unisamehe.

Juzi kwenye baraza la kata, mbele ya wazee, mume wangu alisimama akasema, "Huyu sijawahi kumuoa." Miaka 12, Anti. Watoto wawili. Cheti cha Bomani nakitunza ndani ya Biblia, kina sahihi yake na yangu. Yeye akatoa simu, akawaonyesha picha ya cheti kingine, kile changu cha kanisani cha mwaka 2004. Akasema mimi nina mume wangu, yeye hana talaka ya kunipa. Mzee mmoja akaniuliza, "Mama, leo umekuja kuachana na mume yupi?" Watu wakacheka. Yeye pia alicheka.

Naomba usinifikirie vibaya. Wa kwanza aliondoka 2007 kwenda Afrika Kusini, unajua vijana wa kwetu Tukuyu walivyokuwa wanaondoka. Nikabaki kwa mama mkwe nalima migomba yake. Pesa haikuja, salamu haikuja. Mara moja tu, 2010, alimpigia mama yake kuulizia shamba. Mimi hakuniulizia, na nilikuwa palepale namenya ndizi, nasikia sauti yake kwenye simu. Mwaka 2012 wazee wa pande zote mbili wakakaa, baba akarudisha ng'ombe watatu, wakasema binti yupo huru. Sasa mimi ningejuaje kwamba kurudisha mahari hakuvunji ndoa ya kanisani? Wazee wote wale hawakujua, nijue mimi wa darasa la saba?

Huyu wa sasa hakudanganywa. Alikuja hadi nyumbani akaonana na baba, habari ya ng'ombe akaambiwa yote. Tulipokwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya 2013, fomu inauliza hali yako ya ndoa. Nilimuuliza niandike nini. Akasema andika hujaolewa, ukiandika mtalaka watataka karatasi ya mahakama, tutachelewa. Nikaandika. Tangazo likakaa ubaoni siku 21, hakuna aliyepinga. Kalamu nilishika mimi, hilo sikatai. Ila aliyenielekeza ni yeye, na juzi pale barazani hakulisema hilo hata kidogo. Alisema "sijawahi kumuoa", basi.

Na barazani nilimpeleka mimi, kwa sababu tangu Januari analala Mbezi kwa mwanamke mwingine. Nilitaka talaka yangu na haki yangu kwenye nyumba, tuachane kwa amani. Simtaki tena.

Jana nikaenda kwa msaidizi wa kisheria, binti mdogo tu lakini mpole. Akanieleza kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 mwanamke mwenye ndoa hawezi kufunga nyingine, kwa hiyo hii ya Bomani ni batili tangu siku ile ile. Haivunjwi kwa talaka. Ninachoweza ni kuiomba mahakama itamke kwamba ni batili. Ila ile ya kanisani, ambayo mimi moyoni niliizika zamani, ndiyo iliyo hai, na hiyo ndiyo ya kudaia talaka. Nianze tena barazani na yule wa kwanza, baraza likishindwa kutupatanisha litupe Fomu Namba 3, ndipo niende mahakamani. Tupatanishwe, Anti, na mtu niliyemwona mara ya mwisho 2007 akipanda basi! Anasema sababu ninayo, kutelekezwa miaka mitatu kunatosha. Nikamuuliza, kwani asingehesabiwa amekufa? Akasema mtu hudhaniwa amekufa akikaa miaka mitano bila kusikika kwa watu wake, sasa ile simu ya 2010 inaharibu hesabu, kufika 2013 ilikuwa mitatu tu. Na kufa hajafa. Mwaka jana amerudi, yuko Mbeya mzima, nasikia ana gari. Simu ile ile ambayo hakuniulizia ndiyo inayonifunga.

Nyumba ni hii ya Chanika, vyumba vitatu. Matofali nimenunua kwa samaki wa kukaanga, mia leo, hamsini kesho. Bati nilikopa vikoba 2017 nikalipa peke yangu. Lakini karatasi ya mauziano ya kiwanja, yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ina jina lake tu. Yule binti akanitajia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, kwamba Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Nilifurahi kidogo, halafu njiani nikakumbuka kwamba Bi Hawa alikuwa mke. Mimi nikishatamkiwa kwamba sikuwa mke, nasimama pale kama nani? Mpangaji? Mfanyakazi wa ndani?

Halafu nikienda kuomba hilo tamko, si nitakuwa nimekubali kwa mdomo wangu kwamba nilidanganya kwenye fomu? Nitafungwa? Watoto nimwachie nani, yule wa Mbezi?

Dada yangu anasema nianze na wa kwanza kimyakimya, nipate talaka, hayo mengine baadaye. Mama mkwe, mama wa huyu, anasema nikiisha kupata talaka hiyo twende tukafunge upya, kijana wake atatulia. Nimesema simtaki, na kweli simtaki. Lakini Anti, tangu mama aseme vile ndilo ninalolifikiria usiku kucha. Kama ningekuwa na ile karatasi ya mahakama mkononi, angekuja? Au lile neno alilisema kwa ajili ya nyumba tu? Miaka 12 alikuwa akiniita mke wangu mbele za watu, hadi kwenye msiba wa baba yangu alivaa suti akakaa mbele na wakwe.

Tarehe 14 tunarudi barazani. Niende na cheti kipi? Naomba unijibu kabla ya hapo.

Mama wa watoto wawili, Chanika