Pedi ya gemu si rahisi kwa anayeanza

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba mtu mzima anayeshindwa kucheza gemu ya mpira ni mvivu wa kujifunza tu, maana pedi, yaani kile kishikio chenye batani cha kuchezea gemu, hata mtoto wa chekechea anaiweza. Mimi nina banda la gemu hapa Kihonda, Morogoro. Kazi yangu, tangu watoto wanapotoka shule hadi usiku, ni kuwakabidhi watu pedi, na wengi wanaishika kwa mara ya kwanza. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu maneno kama yake nimeyasikia bandani kwangu yakimwinua mtu kwenye benchi, akaondoka asirudi tena.

Tuanze kwa kuihesabu pedi ya PS4, ile mashine ya gemu ya kampuni ya Sony, ambayo ndiyo ninayoitumia. Mishale minne upande wa kushoto. Alama nne upande wa kulia: pembetatu, duara, eksi na boksi. Mbele, kwenye mabega ya pedi, kuna batani nne: L1 na L2 kushoto, R1 na R2 kulia. Kuna batani za Share na Options, kuna batani ya PS katikati, na kile kibao cha kugusa ambacho nacho kinabonyea. Halafu analogi mbili, vile vijiti vifupi vya kuzungusha kwa dole gumba, ambazo ukizikandamiza kwenda chini zinakuwa batani nyingine mbili, L3 na R3. Hizo ni batani 18, na bado hujaanza kuzungusha analogi. Ukiacha Share na Options, hakuna hata moja iliyoandikwa kazi yake. Hiyo L3 ndiyo kabisa: hakuna mtu duniani atakayetazama kijiti cha kuzungushwa akajua mwenyewe kwamba kinabonyezwa. Lazima aambiwe.

Kuna jambo ambalo waliozoea hawalioni tena. Maandishi ya L1 na R1 yapo ukingoni mwa pedi, yakitazama kwenye TV, siyo kwa aliyeishika. Skrini ikimwambia mgeni abonyeze R1, anaigeuza pedi aitafute. Akishaigeuza, vidole vimehama mahali pake, na anapoirudisha mpira umeshachukuliwa.

Halafu ile eksi. Sisi sote tuliosoma shule za msingi tunajua mwalimu akikuchorea alama ile kwenye daftari maana yake umekosa. Sasa mgeni anaulizwa kwenye skrini kama yuko tayari kuanza mechi, na jibu la ndiyo ni eksi. Nimewaona wengi wakisita, na wengi zaidi wakibonyeza duara, gemu ikawarudisha nyuma. Wana haki. Teiyu Goto, mtu wa Sony aliyebuni pedi ya kwanza ya PlayStation iliyotoka Japani mwaka 1994, alikusudia duara iwe ndiyo na eksi iwe hapana, kama Wajapani wanavyozitumia alama hizo. Gemu zilipouzwa nje ya Japani, sehemu kubwa zikageuzwa. Mwaka 2020 ilipotoka PS5, Wajapani nao wakaambiwa eksi ndiyo kukubali. Kwa hiyo mama wa Kihonda anayebonyeza duara anafikiri sawasawa na aliyeibuni.

Kwenye mpira mambo yanazidi. Nina mteja, mzee mstaafu wa reli, aliyeendesha treni kati ya hapa na Dodoma kwa miaka mingi. Alikuja na mjukuu wake. Nilimweleza kwamba kwenye FIFA, gemu ya mpira tunayoicheza zaidi, duara ni shuti. Akashika haraka, tena kwa umakini kuliko vijana. Alipopoteza mpira akauliza, "Mama, sasa kunyang'anya ni ipi?" Nikamwambia ni hiyo hiyo duara. Akaiweka pedi mapajani. Akasema ndani ya kichwa cha treni kila mkono wa kuvuta una kazi yake, na kazi hiyo haibadiliki kwa sababu treni imeanza kuteremka. Huyu ndiye tunayeambiwa kwamba ni mvivu wa kujifunza? Mtu aliyebeba roho za abiria usiku kucha, akijua kila geji na kila mkono wa kuvuta ulio mbele yake?

Na ukishaijua FIFA, ukikaa kwenye PES, gemu nyingine ya mpira, unaanza upya. Kule shuti ni boksi, na duara ni pasi ndefu. Kijana aliyetoka PES akifika mbele ya goli kwenye FIFA anabonyeza boksi kwa nguvu zote, mpira unapaa juu kama krosi wakati kipa yuko chini. Watazamaji wanaangua kicheko. Ni pedi ileile, mpira uleule wa watu kumi na mmoja, isipokuwa kampuni mbili zimepanga batani kila moja kivyake.

Lakini ukiniuliza mimi ugumu mkubwa uko wapi, sitakutajia batani. Nitakutajia analogi mbili. Gemu za kutembea na kupigana, kwa mfano ya Spider-Man ya mwaka 2018, zinataka mkono wa kushoto uendeshe mwili na wa kulia uendeshe macho. Yaani kutembea na kutazama, mambo ambayo mtu ameyafanya pamoja tangu utotoni bila kuyawaza, yanagawanywa kwa dole gumba mbili, na kila dole linakwenda upande wake. Jirani yangu ni fundi cherehani. Mguu wake unakanyaga, mkono mmoja unazungusha gurudumu, mwingine unaongoza kitambaa, macho yako kwenye sindano, na bado anapiga soga na mteja. Kama kuna mikono iliyofundwa hapa mtaani ni ya yule dada. Mwanawe alipomwomba wacheze pamoja, Spider-Man wake alitazama mbinguni, kisha akatazama lami, kisha akatembea akiwa ameupa ukuta uso.

"Mama, geuza kamera!" mtoto anapiga kelele.

"Kamera ipi? Mimi nimeshika mtu."

Swali lake lilikuwa la msingi kabisa. Ndani ya ile gemu kuna kamera isiyoonekana, inayomfuata mtu kwa nyuma, na mchezaji ndiye mpiga picha. Nani alimwambia? Gemu haikumwambia. Ilichukulia kwamba anajua, kwa kuwa aliyeitengeneza alijua tangu akiwa kijana.

Msomaji wetu anasahau hilo. Pedi haikuzaliwa na batani 18. Gemu ya Pong ya kampuni ya Atari, mwaka 1972, ilikuwa na kitasa kimoja cha kuzungusha kwa kila mchezaji, basi. Mashine ya Atari ya nyumbani ya mwaka 1977 ilikuwa na kijiti na batani moja nyekundu. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani walitoa mashine ya Famicom: ule mshale wa msalaba aliouleta mbunifu wao Gunpei Yokoi, batani mbili za kuchezea, na mbili ndogo za kuanzisha na kuchagua. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka pedi hiyo kwenye zile gemu za kaseti za kuchomeka kwenye TV. Super Famicom ya 1990 ikaongeza mbili kulia na mbili za mabegani. PlayStation ikaongeza nyingine mbili mabegani. Gemu zilipoacha kuwa bapa zikawa na kina, mishale haikutosha tena. Ndipo Nintendo 64 ikaja na analogi moja mwaka 1996, na Sony wakaleta analogi mbili mwaka 1997.

Aliyekua na hizo gemu aliongezewa batani mbili leo, nyingine baada ya miaka mitano, analogi baadaye. Alipewa zaidi ya miaka kumi kuizoea pedi hii, tena akiwa mtoto mwenye muda wa kupoteza. Na yule mtoto wa chekechea anayesifiwa kwenye barua, mimi namjua, wapo kwangu kila siku. Kabla hajashika pedi amekaa pembeni akitazama vidole vya kaka zake miezi na miezi, anajua pasi na shuti kabla hajajua kusoma. Mgeni mtu mzima anapewa yote hayo jioni moja, kwa shilingi 500 ya mechi, huku watu wanne nyuma yake wanasubiri zamu.

Kwamba wageni wapo na wanataka kucheza, ushahidi tunao. Mwaka 2006 Nintendo, chini ya rais wao Satoru Iwata, walitoa mashine ya Wii, yenye kishikio kilichofanana na rimoti ya TV. Ukitaka kupiga tenisi unapunga mkono kama anayepiga tenisi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100, na walicheza babu na bibi ambao hawakuwahi kugusa gemu. Watu hao hawakuwa wameongezewa akili mwaka ule. Walikuwa wamefunguliwa mlango.

Najua vijana wangu watanijibu nini, wameshanijibu. Wanasema bila batani nyingi mpira unapoteza utamu, kwamba chenga za analogi ya kulia ndizo zinazomtofautisha fundi na mbeba pedi. Nakubaliana nao. Kuna kijana hapa akianza kuzungusha ile analogi watu wanasimama, na sitaki mtu amnyang'anye kipaji chake. Nataka tu batani zake zisiwe sharti la kuingilia. Tena yapo makampuni yaliyokwisha kuliona hili. Gemu ya ngumi ya Street Fighter 6 ya mwaka 2023 inakupa uchague: njia ya zamani ya kuviringisha mishale, au njia mpya ambapo pigo maalumu linatoka kwa batani moja, na wa njia zote mbili wanapigana ulingo mmoja. Gemu ya mbio za magari ya Mario Kart 8 Deluxe ina mpangilio wa kumsaidia mtoto asitoke barabarani, na mwingine unaokanyaga mafuta wenyewe. Hata ndani ya FIFA, wengi hawajui, kuna mpangilio wa kucheza kwa batani mbili tu, na mwingine unaorudisha shuti kwenye boksi kwa waliozoea PES. Vipo, ila vimefichwa ndani ya menyu kwa Kiingereza, mahali ambapo mgeni hafiki. Anayekuja mara ya kwanza angepaswa kuulizwa mwanzoni kabisa: umewahi kucheza? Akisema hapana, apewe batani mbili, nyingine zije kadiri anavyocheza.

Sasa niseme na wenzangu wenye mabanda, kwa sababu si kila kosa liko Japani. Mgeni akiingia, wazoefu wameshachukua pedi nzuri. Yeye anaachiwa ile ambayo raba ya analogi imeisha, alama zimefutika kwa jasho, na mchezaji anakwenda kushoto bila kuguswa. Mzoefu anaijua pedi mbovu, anaidai nyingine. Mgeni hajui, anaamini ni mikono yake. Naomba tugeuze utaratibu: pedi bora ya banda apewe anayejifunza. Mimi nimefanya hivyo, na nimeweka muda wa asubuhi siku za Jumamosi ambapo hakuna mechi za pesa wala watazamaji nyuma. Anayejifunza anacheza peke yake kwenye uwanja wa mazoezi, anapiga pasi na shuti tu. Pasi na shuti. Kukimbia kunafuata akishaacha kutazama mikono yake. Mstaafu wa reli anakuja Jumamosi hizo. Sasa anamfunga mjukuu mara mojamoja, na mjukuu anakasirika kwelikweli.

Wale vijana wanaosimama nyuma na kusema "mpe mwenzio pedi, wewe huwezi" nawaomba wakumbuke kwamba kila mmoja wao alikaa benchini akifundishwa na mtu. Yule fundi cherehani aliondoka siku ile kwa kelele za aina hiyo, si kwa kamera. Mtoto wake alitaka kucheza na mama yake, akabaki anacheza na wengine.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Kwenye ukurasa wenu wa vijana mnachapa matokeo ya mashindano na picha za washindi. Chapeni siku moja picha kubwa ya pedi, kila batani na mshale wake, na maelezo ya Kiswahili: pasi, shuti, krosi, kupenyeza, kukimbia, kubadilisha mchezaji, na pembeni kila moja inafanya nini mpira ukiwa kwa mpinzani. FIFA upande mmoja, PES upande wa pili. L3 na R3 muwaeleze watu wazi kwamba ni analogi yenyewe inabonyezwa. Nitaikata niibandike ukutani juu ya TV, na najua wenye mabanda wengine watafanya hivyo. Kabla ya kuchapa, kama mtapenda, nitumieni niwaoneshe wanafunzi wangu wa Jumamosi waseme ni wapi hawajaelewa.

Mama mwenye banda la gemu,
Kihonda, Morogoro