Dada, mto ulikuwa umejaa

Dada yangu, ugonile.

Nakuandikia hapa kwa kuwa simu zangu hupokei, na huu ni mwaka wa nne.

Nikiwaambia watu wa Mbeya mjini kwamba dada yangu kaolewa Malawi, wanadhani uko mbali. Hawajui kuwa moshi wa jiko lako tunauona tukiwa kwenye migomba ya mama. Kinachotutenga ni mto Songwe tu. Mjerumani na Mwingereza waliufanya mpaka mwaka 1890, lakini Wangonde wa huko na Wanyakyusa wa huku hawajaacha kuoana. Kiangazi ulikuwa ukivuka na mtumbwi, beseni la mchele kichwani, unatukuta chai bado ya moto. Masika ni habari nyingine. Mvua za milima ya Ileje zikishuka, mto unakula kingo na kuhama, na mtu aliyelala shamba lake liko huku anaamka liko ng'ambo. Jaruba la baba liliondoka hivyo hivyo. Analilima shemeji, na mpunga wake sijawahi kuudai.

Aprili ile wenye mitumbwi walikataa kuvusha. Ukazungukia darajani Kasumulu, ukafika jua likizama, miguu tope tupu, udongo wa kaburi bado mbichi. Ukasema mbele ya msiba wote kwamba nimemzika baba kama mwizi.

Neno hilo nalala nalo. Nani alimuuguza? Nani alimbeba mgongoni hadi zahanati? Nilikupigia wiki nzima kabla, mto ukiwa bado unavukika. Aliyeolewa ng'ambo hangoji kuitwa mara ya pili, dada, anaitangulia mvua. Na joto la Kyela unalijua, huku si Tukuyu, mwili haukai. Wazee waliniuliza kama tusubiri. Mtoto wa kiume niliyekuwepo ni mimi peke yangu, ningesema nini?

Lakini nilikuona. Saa nane, jeneza linatoka ndani, niligeuka nikatazama mtoni. Ulikuwa umesimama ukingo wa pili, unapunga kitenge chekundu kwa mikono miwili. Nikawageukia wazee, nikasema tuzike. Mama hajui hilo mpaka leo.

Anakuulizia kila tukipika usipa, dagaa wa ziwani. Mikakao aliyopanda kando ya kaburi imeanza kuzaa. Maji yameshuka wiki hii, mitumbwi inavuka tangu asubuhi.