Ajali ya gari la kazi ichunguzwe kuanzia kwenye ratiba

Mhariri,

Gari la kampuni likipata ajali, taarifa huishia palepale: chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva. Huenda ni kweli alikuwa anakimbiza. Lakini ni nadra kuulizwa alikuwa anawahi nini, na nani alimpangia muda huo. Sisi tunaosimamia magari na usalama kazini tunajua majibu yake mara nyingi yako mezani kwa mtu ambaye siku hiyo hakugusa usukani.

Chukua safari ya kilomita 480. Ofisini mtu anagawanya kwa 80, anapata saa 6, anamwahidi mteja. Barabarani hakuna gari la mzigo linalokwenda 80 mwanzo hadi mwisho. Kuna matuta, vivuko vya wanafunzi, milima, foleni za kuingia na kutoka mijini. Wastani ukifika 60, shukuru. Hapo ni saa 8 za usukani. Ongeza dakika 45 za kupumzika na 45 nyingine za kula na kujaza mafuta, inakuwa saa 9 na nusu. Sasa dereva huyo aliamka saa 11 alfajiri, akasimamia upakiaji, akaondoka saa 4 asubuhi kwa kuwa karatasi za mzigo zilichelewa. Atafika saa 1 na nusu usiku. Akiambiwa ashushe mzigo na kugeuza usiku huohuo, ifikapo saa 4 usiku atakuwa macho kwa saa 17. Majaribio ya kitaalamu yameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho muda huo huwa mzito wa kutambua na kuchukua hatua sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mwajiri aliyempima pombe getini asubuhi ndiye huyohuyo anayemlewesha jioni kwa ratiba.

Viwango vya kufuata vipo siku nyingi. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, jumla isizidi saa 9 kwa siku wala 48 kwa wiki, na apate angalau saa 10 za mapumziko mfululizo katika kila saa 24. Tunaongeza jambo moja: safari isipangwe kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri kama kuna njia nyingine. Muda huo mwili unadai usingizi hata kama mtu alilala mchana. Dereva akianza kusinzia, muziki na kufungua kioo havimsaidii. Aegeshe mahali salama, anywe kahawa, alale dakika 15 hadi 20. Kahawa huanza kufanya kazi wakati anaamka. Naye asiogope kupiga simu kusema atachelewa. Kama akipiga anafokewa, kesho hatapiga.

Wanaodhani mwendo unafidia muda, wapige hesabu. Kilomita 30 kwa mwendo wa 80 ni dakika 22 na nusu. Kwa 100 ni dakika 18. Umeokoa dakika nne na nusu, ambazo foleni moja inazimeza. Umelipa nini? Ukiwa 80, gari dogo linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kuona hatari na kuhamisha mguu inakula mita 33, na breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji takriban mita 36 nyingine. Kwa 100, jumla inakaribia mita 100. Lori lenye mzigo linataka nafasi zaidi ya hiyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali inayoua hupanda kwa takriban asilimia 4.

Halafu kuna malipo. Dereva anayelipwa kwa tripu ameshaambiwa akimbize, hata kama ukuta mzima umebandikwa mabango ya usalama. Bonasi ya kubana mafuta nayo ina mtego wake: wapo wanaoteremka mlima gari likiwa nyutro. Injini haisaidii tena kulizuia gari, kazi yote inabaki kwa breki, zinapata moto, na chini ya mteremko dereva anakanyaga pedali gari halishiki. Kama ni lazima utoe zawadi, tumia kifaa cha kufuatilia gari: angalia mara ngapi alivuka kikomo cha mwendo na mara ngapi alifunga breki ghafla. Na kabla ya kumwita kujieleza, tazama kwanza ratiba uliyompa siku hiyo.

Simu inayoita ndani ya gari la kazi mara nyingi ni ya ofisi: umefika wapi, mteja anasubiri. Anayezungumza na simu huku anaendesha ana hatari ya ajali takriban mara nne zaidi, na vifaa vya masikioni havipunguzi sana hatari hiyo, kwa sababu kinachoondoka barabarani ni akili. Kanuni yetu ni fupi. Anayepiga aulize kwanza, "Unaendesha?" Jibu likiwa ndiyo, anakata. Baada ya ajali, msichukue rekodi za simu ya dereva peke yake. Chukueni na za msimamizi wake.

Tukija kwenye gari lenyewe, fungua faili la fomu za ukaguzi. Utakuta vema zimejaa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kalamu moja, mwandiko mmoja, wino haujabadilika hata kidogo. Hizo zilijazwa siku moja. Ukaguzi wa kweli huchukua kama dakika kumi, na dakika hizo lazima ziwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Upepo upimwe kwa geji tairi likiwa bado baridi, kwa sababu likishatembea namba inapanda na kukudanganya. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni, linapata joto, linapasuka likiwa mwendoni, kisha watu wanasema ni bahati mbaya. Sheria za nchi nyingi zinataka mifereji ya tairi isipungue milimita 1.6 kwenda chini, lakini kwenye mvua tairi huanza kupoteza mshiko kabla ya hapo. Sisi tunashauri libadilishwe likifika 3. Tairi likifungwa upya, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Fomu hiyo iwe na nafasi ya kuandika "gari halitoki" na jina la aliyejibu. Dereva akiandika siku tatu mfululizo kwamba breki zinavuta upande mmoja, na kila siku msimamizi akaandika "tutaangalia", karatasi hiyo mahakamani haitamtafuta dereva.

Tangu 2012 kuna kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa usalama barabarani, ISO 39001. Cheti si lazima. Ila kiwango hicho kinaanza na uongozi wa juu, na hatua hiyo ndiyo kampuni nyingi huiruka.

Wanaosahaulika kabisa ni wafanyakazi wanaotumwa kwa magari na pikipiki zao wenyewe. Bima ya matumizi binafsi mara nyingi haifiki kwenye shughuli za kazi, kwa hiyo isomwe kabla ya mtu kutumwa. Leseni iangaliwe, si kwa kuuliza bali kwa kuishika mkononi na kusoma daraja na tarehe ya mwisho. Wa pikipiki anunuliwe kofia ngumu inayomtosha: ikifungwa kamba na kuvutwa kutoka nyuma kwenda mbele isivuke kichwa. Ikishapata pigo la ajali haifai tena, hata kama nje haina ufa, kwa sababu povu la ndani limeshabonyea.

Wasimamizi wa usafiri na usalama kazini