Silabi zifundishwe kwa mawe, nje ya darasa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu na wazazi wa watoto wanaoanza kusoma. Watoto hao hukalishwa mno mbele ya ubao, ilhali uwanja una vifaa vyote.

Okoteni mawe laini yapatayo 30, makubwa kiasi kwamba mtoto hawezi kuyameza. Yaosheni, yakauke kabisa juani, ndipo muandike kwa wino usiofutika. Kwenye jiwe lenye vumbi au unyevu wino haushiki. Kila jiwe libebe silabi, si herufi moja moja. Kwa ma, ji, ja, ni, u na a peke yake, mtoto anaunda maji, jani, ua na maua, kisha anakwenda kuweka neno kando ya kitu chenyewe.

Tatizo kubwa huzuka kwenye m na n. Mti ni silabi mbili, m na ti. Mbu vivyo hivyo, m na bu. Nge ni n na ge. Lakini mbegu ni mbe na gu, ndege ni nde na ge. Kwa hiyo pawe na jiwe la m, la n, la mbe na la nde. Mtoto apige kofi moja kwa kila silabi, atausikia mwenyewe mpaka kati ya silabi na silabi. Akifundishwa m-be-gu, atasoma kwa kugugumia, kisha alaumiwe kwa kosa lisilo lake.

Wakishazoea, pimeni uwanjani mraba wa mita moja kila upande: vijiti 4, kamba ya mita 4 na nusu, watoto wasiozidi 4. Wakizidi, wawili hutazama na wengine husukumana. Watazame vilivyomo dakika 10, wachore kitu kimoja kwa penseli, wataje sehemu zake, ndipo waandike sentensi. Mchoro utangulie. Anayeanza na sentensi huandika “sisimizi ni mdudu,” jambo alilolijua tangu nyumbani. Aliyechora kwanza huandika kwamba sisimizi amebeba punje kubwa kuliko kichwa chake. Tahajia isahihishwe baadaye, na kusahihisha maneno mawili kunatosha.

Mawe ya ardhini yageuzwe kwa kijiti, mmea usiojulikana usiguswe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mraba usihamishwe. Waurudie kila juma na kuandika tarehe, maana mche uliokuwa na majani mawili ukifikisha manne, mtoto ana habari ya kuandika bila kupewa kichwa cha insha.

Mwalimu wa madarasa ya awali