Swahiba, naomba uiue kompyuta yako ya G5

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Abdu swahiba,

Salaam aleikum, na habari za masiku. Bi Mkubwa hajambo? Mguu wake? Mpe shikamoo zangu kabla hujasoma mbele, maana najua ukishaanza hutakumbuka.

Najua umenuna. Tangu Mfungo Mosi sijakuandikia, na jumbe zako mbili za sauti nilizisikiliza ndani ya daladala, nikasema nitajibu nikifika nyumbani. Nikafika, umeme hakuna, yakaishia hapo. Mwanaidi amenisema vya kutosha kwa niaba yako, kwa hiyo usinisute tena. Deni la Kipara silisahau pia, ila hilo tutaliongea siku nyingine.

Kilichonifanya nikae kimya ni dampo. Jana nilimwambia mama kwenye simu, "Nimepata dampo zuri sana, megabaiti mia tatu," akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama siku hizi nafanya kazi Pugu Kinyamwezi. Sikumlaumu. Nikajaribu kumweleza kwamba kompyuta ikifa huacha kumbukumbu zake nyuma na mimi ndiye ninayezichungulia. Akasema basi ni kazi ya mochwari. Hapo sikubisha.

Unazikumbuka zile boksi za ARM, zile kompyuta zenye prosesa ya aina hiyo, tulizomfungia mteja wa Tanga? Moja inakufa. Haifi kila siku, ni siku ikijisikia. Wewe ni mtu wa Linux, kwa hiyo nivumilie: kwenye FreeBSD, mfumo ninaoutumia mimi, kerneli (kile kiini cha mfumo) ikianguka humwaga kumbukumbu yake kwenye swapu, ile sehemu ya diski ya akiba, na mashine ikiamka programu ya savecore huiokota na kuiweka /var/crash kwa jina la vmcore.0. Haimwagi RAM yote, humwaga zile kurasa ambazo kerneli inazitumia tu. Sasa boksi liko Tanga, prosesa yake ni arm64, halina nafasi ya kutosha hata ya alama za kudibagi, yale majina na maumbo ya data yanayosaidia kutafuta kosa. Laptopu yangu ni ya aina nyingine, amd64. Nikasema nivute maiti nije kuipasua huku.

Na inawezekana, ndugu yangu. Zamani libkvm, ile laibrari inayosoma hizi dampo, ilijua mashine iliyojengewa tu. Tangu FreeBSD 11, ile ya 2016, inabeba ujuzi wa prosesa za aina nyingi kwa pamoja, na anwani inazishika kwa biti 64 hata kama mwenyeji ni wa biti 32. Unasakinisha gdb, unapata kgdb, kile kisu cha kupasulia kerneli, unaipa kerneli ya marehemu pamoja na vmcore, basi. Ukijaribu hivyo kwa ps, ile amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, utaambulia patupu, kwa sababu ps imekaririshwa maumbo ya data ya mashine yake yenyewe. Kgdb huyasoma maumbo hayo kwenye alama za kudibagi za kerneli uliyoipa, ndiyo maana haijali maiti katoka wapi.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Ukiipa kerneli isiyo yake, haijali pia.

Siku ya kwanza nikaandika bt, amri ya kuonyesha fankisheni zilivyoitana mpaka mashine ikafa, ikanipa mnyororo mzuri wa fankisheni, majina ya kueleweka, namba za mistari, kila kitu. Nikaufuata siku mbili. Nikampigia bosi nikamwambia nimemkamata mwizi. Kumbe kati ya maiti kufa na mimi kunakili kerneli, nilikuwa nimejenga kerneli upya. Anwani zilikuwa zimesogea kidogo tu, zinaangukia kwenye fankisheni ya jirani. Ingekataa kufunguka ningejua saa ile ile. Hii ilinijibu kwa adabu kabisa, uongo mtupu. Nilikuja kugundua nilipofungua info.0, faili la maelezo linaloambatana na dampo, nikaona toleo lililoandikwa pale haliendani na la faili langu. Bosi bado ananiita mpelelezi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa shaka. Nikajiuliza, hata nikiwa na kerneli sahihi, nitajuaje kwamba ninachokiona ni kweli? Maiti simjui, jibu silijui, nitalinganisha na nini? Basi nikaandika moduli ndogo, kipande cha kuongezea kwenye kerneli, nimeiita siri. Ukiipakia inaweka mezani vitu ninavyovijua mimi, halafu inaiua mashine makusudi. Nikishaipasua maiti kwenye laptopu, naitafuta siri yangu. Nikiikuta nzima, naanza kuamini na mengine.

Ndani yake kuna namba 0x0102030405060708, kila baiti na sura yake, ili ikipinduka nione kwa macho. Kuna sentensi moja niliyoilaza juu ya mpaka wa kurasa mbili, nusu huku nusu kule, maana kurasa zinazopakana kwenye anwani zinaweza kukaa mbalimbali kabisa ndani ya dampo. Usiniulize sentensi inasemaje, inamhusu Kipara. Na kuna mnyororo wa vifundo vitano, kila kimoja kina anwani ya mwenzake na namba: 11, 22, 33, 44, 55.

Nikaiua arm64 ndani ya QEMU, programu ya kuigiza mashine nyingine. Kuiwasha tu unachemsha chai ya maziwa ukainywa ukaosha na kikombe, lakini ikafa vizuri. Kgdb mwanzoni haikuiona siri kabisa, kosa langu tena, nilinakili kerneli nikaiacha moduli. Nilipoiweka kwenye folda moja na kerneli, vyote vikatoka sawasawa.

Kisha armv7, ya biti 32. Huko kgdb haikuteleza, niliyeteleza ni mimi. Nilikuwa nimeandika kiprogramu changu juu ya libkvm kinachotembea kwenye ule mnyororo chenyewe, nisiwe namwamini shahidi mmoja. Kikatoka kifundo cha kwanza kikapotea. Nikachapisha anwani, nikaona 0x0000000bc2a41e40. Nikaikodolea macho mpaka chai ikapoa. Anwani ya armv7 haizidi tarakimu nane, hii b kichwani imetoka wapi? Abdu, b kwa hesabu ya heksi, ile ya msingi wa kumi na sita, ni 11. Namba ya kifundo! Nilikuwa nasoma baiti nane mahali penye baiti nne, kwa sababu kwenye laptopu yangu namba ya aina ya long ni baiti nane, nikamlaza jirani kitanda kimoja na anwani. Nilicheka peke yangu saa nane usiku mpaka Mwanaidi akaamka.

Sasa sikia shida yangu. Hizi zote, arm64, armv7 na laptopu, zinapanga baiti za namba upande mmoja, ile ya thamani ndogo mbele. Ile namba yangu haijawahi kupata nafasi ya kupinduka. Na wewe unalo lile dude la alumini ulilolinunua studio ilipofungwa, lile unaloegeshea feni. Power Mac G5. PowerPC ya biti 64, na FreeBSD inaipanga kubwa mbele.

Najua utaniambia niigize hiyo nayo. Nimeigiza. Kgdb ilisoma vizuri, kiprogramu changu ndicho kilichotoa 0x0807060504030201, kama mtu aliyevaa kanzu nyuma mbele, nikakirekebisha. Lakini PowerPC ile ya QEMU inaishi chini ya bwana wa kuigiza, jedwali lake la kurasa, ile ramani ya kumbukumbu, hailishiki yenyewe, huomba ishikiwe. G5 yako hulishika kwa mkono wake. Ni njia nyingine ndani ya kerneli, na baada ya yaliyonikuta siwezi kulala nikiwa nimejaribu njia moja.

Kwa hiyo ombi. Weka FreeBSD ya powerpc64 kwenye diski ambayo huihitaji, hakikisha swapu ipo na dumpdev (mahali pa kumwagia dampo) kwenye faili la mipangilio rc.conf ni AUTO. Kabla hujaleta siri, ijaribu kwanza mashine kwa amri ya kuiangusha, sysctl debug.kdb.panic=1, uone kama inaacha dampo. Nitakutumia chanzo cha moduli, utakikusanya huko huko. Ukishaiua, niletee vmcore, info, folda nzima ya /boot/kernel na alama zake zilizoko /usr/lib/debug. Vyote vya siku hiyo hiyo, tafadhali, usijenge kitu katikati, umeshasikia habari zangu. Na usiingie humo kwa nywila yako ya kweli wala kuweka funguo zozote, dampo halichagui, hubeba chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu za kerneli. Ibane kwa zstd kabla ya kutuma. Bando nitakurudishia, wallahi.

Yule wa Tanga bado nina maiti wake wawili wa kweli. Nilimfungua mmoja tena kwa kerneli sahihi, na mnyororo unaniambia habari tofauti kabisa na ile niliyompa bosi, kitu cha dereva ya mtandao kuachilia bafa mara mbili, au ndivyo ninavyodhani. Sijamwambia mtu. Wewe ni wa kwanza.

Haya niambie. Hiyo G5 bado inawaka, au feni imeshaiua kabla yangu? Ina RAM kiasi gani? Umeme wa huko unavumilia ule mngurumo wake? Chande bado ana ile diski ya SATA, au alishamuuzia Kipara? Na wewe mwenyewe unakuja lini Dar, ulisema baada ya msimu wa embe, msimu gani? Mama anauliza pia. Na sauti ya pili uliyonitumia, pale katikati palipokatika, ulikuwa unasema harusi ya nani?

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Ndugu yako,
Hamisi