Tanganyika iliwahi kuwa na malkia: barua ya wazi kwa mpwa wangu aliye Tanga

Mpwa wangu,

Nimeyasoma maandishi ya bango mnalolitayarisha kwa maonyesho ya historia. Mmeandika "Jamhuri ya Tanganyika, 1961–1964". Huo mwaka wa kwanza si wake.

Kuanzia 9 Desemba 1961 Tanganyika ilikuwa nchi huru, ila ya kifalme. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, yuleyule aliyekuwa gavana wa wakoloni. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu tu, na hata hicho cheo alikiacha Januari 1962, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akaijenge TANU. Kinachochekesha ni kwamba kabla ya hapo Malkia hakuwa malkia wetu: nchi ilikuwa ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, Uingereza msimamizi. Taji lililetwa na uhuru wenyewe.

Kulivua hakukuhitaji risasi. Mwaka 1962 Bunge lilijigeuza Bunge la Katiba, likapitisha katiba mpya. Tarehe 1 Novemba wananchi wakapiga kura ya urais, Nyerere akamshinda Zuberi Mtemvu wa chama cha upinzani cha ANC kwa zaidi ya asilimia 98. Jamhuri ikaanza 9 Desemba 1962, siku ileile ya uhuru, mwaka mmoja baadaye. Ndiyo maana watu huzichanganya.

Katiba hiyo ilimpa Rais mambo matatu kwa mkupuo: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi mkuu. Tena ilisema wazi kwamba hafungwi na ushauri wa mtu yeyote. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kukazia macho, kuliko sherehe na bendera.

Sasa njooni nyumbani. Jamhuri iliyomwondoa malkia wa mbali haikuwaacha watawala wa karibu. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na kwa Usambara maana yake ni kwamba Wakilindi, ukoo wa watawala wa Vugha, na mazumbe wao, yaani machifu, hawakuwa tena na mamlaka ya serikali. Mwaka huohuo ardhi ya umiliki wa kudumu, yakiwemo mashamba ya mkonge yenye hati za tangu enzi za Mjerumani, iligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, ikihesabiwa kuanzia 1 Julai 1963, wenye kodi na masharti ya kuliendeleza shamba. Mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki (right of occupancy), yaani haki ya kuitumia ardhi chini ya serikali, kwa hiyo hati moja ya shamba inaweza kuwa imepita mikono mitatu ya sheria.

Mkipata karatasi za zamani za kuonyesha, msikisie umri wake kwa rangi. Tazameni cheo cha mkuu wa nchi: Gavana, ni kabla ya uhuru, Gavana Mkuu, ni ule mwaka wa malkia, Rais wa Tanganyika, ni jamhuri.

Maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, 20 Januari 1964, yawekeeni mstari mmoja. Yaliitikisa serikali hadi ikaomba makomando wa Kiingereza, lakini siyo yaliyoimaliza jamhuri.

Iliyoimaliza ni Muungano, 26 Aprili 1964, pamoja na Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, nayo changa kuliko yetu: ilimpindua Sultani Jamshid 12 Januari mwaka huohuo. Mwanafunzi akiuliza Tanganyika ilikwenda wapi, mwonyesheni katiba ya Tanganyika. Haikutupwa, ilirekebishwa ili Zanzibar ibaki na serikali na chombo chake cha kutunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano, wakaongezwa makamu wawili wa Rais, Karume wa kwanza na Kawawa wa pili, ikatumika kuwa katiba ya muda ya nchi mpya. Nchi hiyo ikaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar hadi Oktoba 1964, jina la Tanzania lilipopitishwa.

Mjomba wako,
Bagamoyo