Wakikwambia ni utani tu

Dar es Salaam

Mwalimu mwenzangu, rafiki yangu,

Salamu nyingi, na pole na usahihishaji. Umeniuliza ufanyeje na wanafunzi wanaomwita binti mwenzao wa Kihindi "ponjoro", jina la dharau kwa Wahindi, na wakikanywa wanajibu kwamba wanataniana.

Usiwakubalie. Utani tunaujua. Mzaramo na Mnyamwezi hurushiana maneno hata msibani, kwa kuwa kila mmoja ana haki ya kurudisha na hakuna wa kununa. Binti wa Kihindi aliye peke yake darasani akijibu, wote wanamgeukia. Akinyamaza, anaambiwa anaringa. Huo ni uonevu. Mtoto wa Kichina akivutiwa macho na kuigiziwa lugha, ni yaleyale.

Kabla hujamwita mtu, andika kwenye kaunta buku: tarehe, mahali, nani alisikia, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Ukiandika "alitukanwa" tu, mkuu wa shule hatakuwa na pa kushika. Binti msikilize faragha. Wachokozi waite mmoja mmoja, maana wakiwa kundi watacheka, na wazazi wa kila upande waje siku yao. Usiwaombeshe radhi mstarini: jina lile litaenea shule nzima kabla ya mapumziko. Na dawati ahame mchokozi. Tumezoea kumhamisha aliyeonewa kwa kuwa yeye habishi, na darasa zima linaelewa nani ameshindwa.

Halafu wasikilize walimu wenzako. "Wewe Mhindi, futa ubao" ikitoka kwa mwalimu, hakuna adhabu ya mwanafunzi itakayofaa kitu. Jifunze kulitamka jina lake sawasawa, uliite kila siku. Mimi hili naliweka mbele ya yote.

Watakaosema "rudi kwenu" au "majumba yote ya mjini ni yenu", wajibu kwa historia. Mkoloni Mwingereza ndiye aliyetenga shule kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Mwaka 1961 Nyerere alikataa Bungeni uraia wa kutazama rangi. Amir Jamal alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii. Na mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi zikiwa za Waasia, ndiyo maana utakuta maghorofa ya zamani ya Upanga na Kisutu yako chini ya Shirika la Nyumba. Fundisha darasa zima, wala usimnyooshee kidole binti awe mfano. Asilazimike kuthibitisha Utanzania wake kwa mtu.

Uongozi ukipuuza, peleka daftari bodi ya shule, kisha kwa afisa elimu wa manispaa, ukitaja ibara ya 13 ya Katiba; inakataza ubaguzi na rangi imetajwa humo. Binti naye apewe namba 116, simu ya watoto, hailipiwi.

Niandikie mkuu wa shule amekujibu nini.

Wako,
Mwalimu mwenzako